Mama Prezidenti na Kitambaa cha Samaki

Kwenye foni, mtu wa ziwani hasemi kwamba mgonjwa wake ni mgonjwa. Anasema amechoka kidogo. Akisema amechoka sana, ujue mgonjwa ameshakufa na wanawake wameketi chini wanalia. Hiyo ni adabu yetu ya siku zote, na ile redio ya kupokezana sauti, ambayo Wakongo wanaiita foni, iliizidisha, kwa sababu kila mwenye foni kuanzia Pweto, upande wa Kongo, mpaka Kashikishi, bandari yetu ya Zambia, anasikia unachosema. Nani anataka hali ya baba yake ipite masikioni mwa wanunuzi wa samaki kabla haijafika kwa shangazi?

Mama Prezidenti hakuijali adabu hiyo hata kidogo. Alikuwa akisikia maneno hayo, anaingia kibandani kwangu, mimi mwendesha foni, na viatu mkononi, miguu imejaa mchanga, ananinyang'anya kipaza sauti.

"Kidogo namna gani?"

Upande wa pili mtu anakohoa.

"Kidogo tu, Mama. Eko analala. Ova."

"Analala namna gani? Niko nauliza. Mukono inainuka? Mudomo uko sawa ama umeenda pembeni? Maneno? Anasema maneno ama anasema uji?"

Ziwa zima linasikiliza. Mtu wa watu anaona haya, lakini anajibu. Hakuna aliyewahi kumkatia Mama Prezidenti foni.

Nimeuandika mwanzo huu na kuufuta mpaka karatasi ikatoboka. Mimi ni mtu wa hofu. Nikimaliza sentensi naipitia kama mvuvi anayekagua wavu, na kila mara napata tundu. Shule niliiacha mapema. Kiswahili hiki ninachoandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa matangazo ya redio za mbali, huku mdomo wangu ukiendelea kusema Kibemba nyumbani na Kiswahili cha Katanga kazini. Wenzangu walinicheka: "Huyu anaandika kama muzungu mwenye alimeza padri." Basi nikikosea humu, nakosea peke yangu. Lakini sitaki mtu mwingine aandike habari za huyu mama kabla yangu, kwa sababu najua watakavyoziandika. Wataandika kwamba alikuwa mama mwema mwenye huruma. Hakuwa hivyo. Alikuwa mkali, mbishi, na katika jambo moja alikuwa sahihi kuliko sisi sote.

Ukoo wake siujui vizuri na sitaki kubuni. Alivuka kutoka ng'ambo kabla mimi sijaanza kazi, akawa kiongozi wa wafanyabiashara wa samaki wa Kongo pale Kashikishi, miaka ile vita vilipokuwa vinakwenda na kurudi upande wao wa ziwa. Wakongo walimwita Mama Prezidenti. Wazambia wa bandarini walimwita Ba Prezidenti. Mimi aliniita Foni, kama vile sikuwa na jina jingine, na sikumsahihisha.

Kazi yake aliifanya kwa pua. Alikuwa anafunua shavu la samaki, ananusa, anakuambia alitoka majini saa ngapi na mashua ilipita upande gani wa kisiwa. Wauzaji walimwogopa. Chumvi aliuza kwa magunia, na samaki wa chumvi aliwapeleka mpaka Lubumbashi. Nyumbani kwake lakini ukikaa kula, mboga haina ladha yoyote. Ukiomba chumvi anakutazama.

"Chumvi ni ya samaki. Weye uko samaki?"

"Lakini Mama unaiuza."

"Naiuza kwa batu wenye wanakaushaka samaki. Kama wanaitia mu sufuria yao mpaka tansio inapanda, hiyo si miye."

Tansio ni shinikizo la damu. Neno hilo alilitumia kama wengine wanavyotumia neno shetani. Aliwafukuza wanaume wanene wa bandarini waende hospitali kupimwa, akawafuata mpaka mlangoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Siku moja muuguzi alikuja bandarini na kile kitambaa cha kufunga mkononi cha kupimia tansio, tukajipanga wote, na Mama Prezidenti akapotea. Nilimkuta nyuma ya kibanda anahesabu vikapu vitupu.

"Tansio yangu iko ya prezidenti," alisema. "Haipimwake mbele ya batu."

Nilicheka. Sasa sicheki.

Nieleze kitambaa, maana bila kitambaa hakuna habari.

Pale Kashikishi mashua zikirudi asubuhi zinagombania mahali pa kutia nanga. Kila moja inataka kufika kwanza kwenye kamioni za barafu zinazokwenda miji ya machimbo. Lakini kulikuwa na desturi ambayo hata wezi waliifuata. Mashua iliyochelewa, ambayo samaki wake wanakaribia kuharibika, ilifunga kipande cha kitenge chekundu kwenye kasia na kukiinua juu. Ukikiona, unapisha. Hata kama mwenye mashua ni adui yako, unapisha, kwa sababu kesho ni wewe. Na kamioni inayoondoka inasimama kidogo kumngojea. Samaki walipita kutoka mashua hadi barafu mikono kwa mikono, watu wanakimbia majini mpaka kiunoni, wanapiga kelele kana kwamba nyumba inaungua.

Mama Prezidenti alisimama mbele ya wafanyabiashara katika mkutano wao na kusema:

"Samaki ikishakufa munaikimbiza. Mutu angali anapumua, munamufunika blanketi, munaita mwenye kuomba, munaita mwenye dawa ya majani, munangoja bajomba. Siku ya tatu njo munamuleta. Nani kati yenu atanielezea hii akili?"

Alitaka mambo mawili. Kwanza, mtu akipigwa na kile ambacho kamusi yangu inakiita kiharusi na ambacho sisi tunakiita tu kupooza, akikutwa ghafla mkono hauinuki, mdomo umepinda, maneno yamepotea, mashua inayomleta iinue kitambaa chekundu na bandari ipishe kama inavyopisha samaki. Pili, foni isifungwe mchana. Mpaka wakati ule tuliifungua kwa saa za kutangaza bei ya samaki tu, asubuhi na jioni, ili kutunza betri.

Mzee mmoja muuza dagaa alisimama. "Mama Prezidenti, na heshima yote. Foni ni ya bei. Betri si ya hospitali."

"Bon. Mwenye hana mama, hana baba, hana bibi, na mwili wake hauna damu, anyanyue mukono."

Hakuna aliyenyanyua.

"Haiinuke? Yote? Basi nyinyi wote munapelekwa hospitali sasa hivi."

Walicheka, na walipokuwa bado wanacheka akaniambia niwashe foni. Hiyo ndiyo kura iliyopigwa. Sijawahi kuona nyingine.

Msidhani alikuwa ameahidi miujiza. Dokota wa hospitali, iliyo kando ya barabara ya kamioni kwenda Nchelenge, alimwambia ukweli mbele yangu. "Mama, dawa ya kuzibua mshipa wa kichwani sina. Ipo nchi za mbali. Hapa sina." Mama Prezidenti akauliza, basi una nini? Dokota akasema: "Nikimpata mapema, namlaza ubavu asijitapikie. Namtazama kama anaweza kumeza kabla hajapewa kitu. Napima sukari, maana wengine ni sukari imeshuka tu, na hao wanaamka hapo hapo. Natazama malaria. Tansio naishusha polepole. Mkono tunaanza kuuchezesha mapema. Mkimleta siku ya tatu, mnaniletea mapafu yaliyojaa uji."

Mama Prezidenti aliposikia neno uji aligeuza uso. Nilidhani amekasirika. Baadaye nikajua.

Watu walisema, na bado wanasema, kwamba kama dawa yenyewe haipo mbio ni za nini. Nimesikia hoja hiyo kwa watu waliosoma na kwa watu wasiosoma. Naijibu hapa kwa sababu kwa mdomo huwa natetemeka: kwa kuwa dawa kubwa haiko, ndiyo maana tusipoteze zile ndogo. Ukiwa na barafu kidogo unakimbia zaidi, hukai.

Dereva wa kwanza kukataa alikuwa Mbemba mmoja mwenye kamioni ya bluu, mtu wa kulalamika tangu asubuhi. Mama alimletea mwanamke aliyetolewa kisiwa cha Isokwe, mkono unaning'inia.

"Awe, bamayo," alisema dereva, yaani hapana, mama, akionyesha masanduku ya barafu. "Ayisi inayeyuka. Mimi si ambulensi."

Mama Prezidenti hakubishana. Alikwenda akaketi mchangani mbele ya gurudumu, akanyoosha miguu, akatoa karanga kwenye mfuko na kuanza kuzimenya.

"Iwe mama! Unakula karanga mbele ya tairi yangu?"

"Hospitali iko mu njia yako. Unaipitaka kila siku. Kila siku unaipita bure. Leo utaipita na mutu."

Dereva alitukana kwa Kibemba matusi ambayo sitayaandika, kisha akashuka kusaidia kumpandisha mwanamke. Baada ya muda alitandika godoro nyuma, kando ya masanduku ya barafu, na akawa anajisifu mpaka Mansa kwamba kamioni yake ina kitanda. Kulalamika hakuacha. Muuza maandazi mmoja mwenye baiskeli alitangulia kila mara kwenda kumwambia dokota kwamba kitambaa kimeonekana, ili kitanda kiwe tayari. Ndivyo tulivyokuwa: kisiwa, foni, mashua, bandari, kamioni, baiskeli, mlango wa hospitali. Hakuna ofisi iliyotupanga.

Na tulidanganywa pia. Mfanyabiashara mmoja wa Isokwe, mwenye injini nzuri na tumbo kubwa, aliona jinsi kitambaa kinavyofungua bandari. Asubuhi moja alikuja amelala juu ya magunia yake ya samaki, kitambaa juu, mdomo umepindishwa. Mashua zote zilimpisha. Mama Prezidenti alifika, akainama, akamtazama kwa makini.

"Pole, Papa," alisema, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume mzima. "Mudomo umeenda kushoto."

Mgonjwa akaguna kwa uchungu.

"Na mukono gani hauinuke?"

Akahangaika, akaonyesha. Alipogeuka kuonyesha, mdomo ukahamia kulia. Watu wa karibu wakaanza kujikunja kwa kicheko. Mama hakucheka.

"Papa, chagua upande moja."

Yule bwana akaketi, akaanza kuomba radhi, akasema ulikuwa mchezo, samaki wake walikuwa wanaharibika kweli. Mama akamwambia dereva ampandishe.

"Mama, mimi niko mzima!"

"Kitambaa kikiinuka kinaenda mpaka hospitali. Hakishukake njiani."

Alipelekwa. Samaki wake walibaki juani na hakuna mkono uliowagusa. Lakini kule hospitali walimpima, na tansio yake ilikuwa juu kiasi kwamba dokota alikataa kumrudisha. Alirudi baadaye na vidonge na hasira, na hasira ilipokwisha akawa ndiye mtu wa kwanza wa visiwani kukubali mashua yake itumike bure. Mama hakumpongeza. Kila alipomwona alimwuliza tu, "Leo mudomo uko upande gani, Papa?"

Bandari ilijua kwa nini anafanya haya, au ilidhani inajua. Alikuwa na bwana yake kisiwani Kilwa, ile ya ziwa letu, si ya pwani.

Bwana huyo alikuwa fundi wa injini za mashua, mtu wa maneno mengi, mwenye kucheka hata injini ikikataa. Aliishi kisiwani na mke mdogo. Mke mkubwa, yaani Mama Prezidenti, aliishi Kashikishi na biashara. Mpango huo ulikuwa wa zamani na haukuwa na kelele, mpaka siku ilipokuja habari kwenye foni, kabla sijashika kazi ya foni, kwamba bwana amechoka kidogo.

Aliniambia mwenyewe, mara moja tu, huku akitazama pembeni.

"Amechoka kidogo. Bon. Mutu akichoka anapumzika. Miye niliuza samaki yangu yote, Foni. Bei ilikuwa nzuri. Nilifurahi. Kiisha nilienda."

Alimkuta upande mmoja wa mwili umekufa na kifua kinakoroma. Mke mdogo alikuwa amemlisha uji siku zote hizo, kijiko kwa kijiko, kwa upendo, na nusu ya uji ilikuwa imeingia njia ya pumzi. Walimwokoa kwa shida. Alibaki na neno moja tu: mafuta. Neno la kazi yake. Alilitumia kwa salamu, kwa njaa, kwa hasira, kwa jina la kila mtu. Akiona ndege juu ya ziwa alionyesha kwa mkono uliobaki na kusema, mafuta.

Dokota alimwonya Mama: jambo hili linaweza kurudi. Tangu hapo alituma vidonge kisiwani kila mashua ya kwanza ya mwezi. Lakini hakusema tena na mke mdogo. Jina lake hakulitaja. Alisema "yule." Vidonge alivipeleka kwa mkono wa watu wengine, na salamu hazikuwamo.

Asubuhi moja yenye upepo, foni ikaita. Sauti ya mwanamke.

"Hapa Kilwa kisiwani. Natafuta Mama."

"Mama nani? Ova."

"Mama mukubwa."

Mama Prezidenti alikuwa mlangoni, anapima kamba. Nilimwona mgongo wake ukikakamaa. Nilimwelekezea kipaza sauti. Hakukichukua.

"Muambie Mama mukubwa," ilisema sauti, "baba amechoka kidogo."

"Muulize," Mama akaniambia, bila kugeuka. "Muulize weye."

Mimi naogopa hata kusoma bei ya dagaa. Fikirini siku hiyo. Niliuliza kuhusu mkono. Jibu likaja kwamba mkono unapumzika. Niliuliza kuhusu mdomo. Mdomo, alisema, uko tu pale. Adabu yetu ile. Ziwa zima likiwa linasikiliza, mwanamke huyo alikuwa anamfunika mumewe kwa maneno kama mtu anavyofunika mgonjwa blanketi, na mimi sikujua namna ya kulivuta.

Mama Prezidenti akaja, akachukua kipaza sauti.

"Weye. Ni miye."

Upepo ulisikika mpaka ndani ya foni.

"Umemupa uji?"

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Hapana, Mama mukubwa. Hata maji. Unasemaka kila siku mu foni, hapana uji, hapana maji. Tunakusikiaka. Kila siku niko nakuja hapa, niko nakusikiliza."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mukono?"

"Haiinuke."

"Mudomo?"

"Umeenda."

"Maneno?"

Hapo mke mdogo akalia. "Ile moja. Ile moja yake haiko tena."

"Kulia baadaye. Mulaze ubavu. Mutie kitu nyuma ya mugongo asigeuke. Mashua ya nani iko hapo?"

"Hakuna yenye injini. Zote ziko mbali."

Kutoka kisiwani kwa makasia, na upepo ule, ni safari ya mchana kutwa. Ndipo foni ikakwaruza na sauti ya mwanamume ikaingia katikati bila kuombwa.

"Mama Prezidenti, hapa Isokwe. Miye niko na injini na mafuta iko. Mudomo wangu uko sawasawa. Niende?"

Alikuwa yule mdanganyifu.

"Uko ungali unaongea?" alisema Mama. "Ungekuwa umeshatoka!"

Sitaeleza mawimbi, kwa sababu sikuwa ndani ya mashua. Naeleza nilichokiona. Kitambaa chekundu kilionekana mbali, kikapotea, kikaonekana. Mashua za bandarini zikaanza kusogea kabla hata hazijaitwa. Dereva wa kamioni ya bluu alikuwa ameshawasha injini, anapiga honi, anawatukana watu waliokuwa hawajamzuia. Watu waliingia majini mpaka kiunoni, wakampokea fundi mikono kwa mikono, kichwa kimeinuliwa, amelazwa ubavu. Nyuma yake alishuka mke mdogo, kitenge kimelowa chote. Wanawake hao wawili walitazamana. Mama Prezidenti akamwonyesha kamioni kwa kidevu.

"Panda. Ushike kichwa. Miye nashika miguu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kupatana. Mengine sikusikia.

Dokota alifanya yale aliyosema angefanya. Mapafu yalikuwa safi. Wake wawili walimgeuza kwa zamu, na ukipita dirishani ulisikia wanagombana kuhusu nani amekunja shuka vibaya. Siku moja Mama alikuja kibandani, akaketi, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Amesema," aliniambia.

"Amesema nini, Mama?"

"Mafuta."

Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakacheza, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yote.

Fundi alirudi kisiwani. Aliona ziwa likifungwa kwa wavuvi msimu wa samaki kuzaliana na likifunguliwa tena. Kisha akafa kitandani mwake, asubuhi, moyo umesimama, hata kitambaa hakikupata nafasi. Na bandari, ambayo haiwezi kukaa bila kusema, ikasema. Mzee wa dagaa alisema mbele ya watu, msiba haujaisha: mbio zote zile, betri zote zile, kwa ajili ya neno moja.

Mama Prezidenti alimsikia.

"Ndiyo, neno moja. Weye uko na maneno mingi, Papa, na hakuna mutu anakimbia kukusikia."

Lakini wengi walisema sasa ataacha. Mume ndiye alikuwa sababu, mume hayupo. Baada ya msiba alikaa kisiwani kwa mke mdogo muda mrefu, na wafanyabiashara wakaanza kunung'unika tena kuhusu betri. Nikaambiwa nirudi kwenye saa za bei. Sikufunga. Siandiki hivyo ili nisifiwe. Niliogopa kila siku, nikaacha foni wazi na kuishusha sauti mpaka ikawa kama mbu.

Nilimwona tena mchana mmoja wa jua kali. Alikuja kutoka kwenye mashua na viatu mkononi kama zamani, lakini alipofika mlangoni alishika mhimili na kusimama. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekivua, amekikunja, anajikandamiza nacho paji la uso.

"Foni iko chini," alisema. "Ipandishe."

"Mama, hujambo?"

"Ipandishe, nimesema."

Nilipandisha. Tulikaa. Alikunywa maji. Nilitaka kumwuliza kuhusu kichwa, nikatunga swali kimoyomoyo, nikalisahihisha, nikalitunga tena, kama ninavyofanya na kila kitu. Kabla sijalimaliza, kisiwa kikaita.

Ilikuwa sauti ya mke mdogo. Mama akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, tayari kwa swali lake.

"Hapa Kilwa," ilisema sauti, haraka na wazi. "Mwanamuke, muuza mihogo. Alianguka sasa hivi. Mukono wa kushoto haiinuke. Mudomo umeenda. Maneno hakuna. Hajapewa kitu mu kinywa. Eko ubavu. Mashua ya Papa wa Isokwe inatoka, kitambaa kiko juu. Ova."

Mama Prezidenti alibaki na kipaza sauti mbele ya mdomo. Maswali yake yote yalikuwa yameshajibiwa. Sijawahi kumwona hivyo. Alinigeukia, macho yamefunguka.

"Unasikia? Amenifunga mudomo."

Kisha kwenye foni: "Bon. Bien. Tunangoja. Ova."

"Mama mukubwa," ilisema sauti. "Kichwa yako je? Asubuhi ulitoka hapa ukishika ukuta. Ova."

Mama alinitazama, akatazama foni. Ziwa zima lilikuwa linasikiliza: Pweto, Isokwe, kila kibanda chenye betri.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimechoka kidogo."

Foni ilikwaruza. Halafu, bila haraka, ikaja sauti ya yule ambaye kwa miaka hakutajwa jina:

"Kidogo namna gani?"

Mtu mmoja mahali fulani alibonyeza kifaa chake na tukasikia kicheko, kikakatika. Mama aliweka kipaza sauti mezani taratibu, kana kwamba kina moto. Akatoka. Nilidhani amekwenda nyuma ya kibanda kuhesabu vikapu. Nilitoka mbio kumfuata.

Alikuwa ufukweni, anawasogeza wenye mashua kwa mikono na kwa matusi. Kitambaa kilipofika, mwanamke wa mihogo akapokewa mikono kwa mikono mpaka kwenye godoro la kamioni ya bluu. Mama Prezidenti akampa dereva viatu vyake, akakanyaga gurudumu, akapanda nyuma, akaketi juu ya sanduku la barafu na kukiweka kichwa cha mgonjwa mapajani.

Dereva alibaki ameshika viatu.

"Ba Prezidenti. Na weye leo? Mpaka ndani? Kupimwa?"

Mama alikuwa amekiokota kitenge chekundu kutoka kwenye kasia. Alikizungusha mkononi, juu ya kiwiko, mahali pale pale wauguzi wanapofunga kile chao cha tansio, akakikaza.

"Endesha," alisema. "Ayisi inayeyuka."